Daktari wa Maji Yaliyojaa

Mkono wake ulikuwa mwepesi. Naanza na hilo kwa sababu hapa Nyamisati kila anayemkumbuka Daktari anaanza na kipigo fulani, ama alichompiga mtu, ama alichopigwa yeye. Mimi mara ya kwanza kumwona, alikuwa anamcharaza mwanaume mzima kwa samaki. Alikuwa kibua mbichi, amemshika mkia. Yule mwanaume ni mchuuzi pale bandarini, na kosa lake lilikuwa kusema, "Mama, na vichupa vyako hivyo, utaolewa lini?" Daktari aliokota samaki juu ya meza ya mchuuzi mwenyewe, akampiga naye shavu la kulia, akampiga naye shavu la kushoto, halafu akamnunua.

"Nifungie," akasema. "Na ndimu."

Kwao ni wapi, baba yake ni nani, aliolewa au hakuolewa, sijui. Sikuwahi kuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza. Darasani nikijua jibu nasubiri mwenzangu akosee, mwalimu alitaje mwenyewe, ndipo naandika pembeni ya daftari: nilijua. Kwa hiyo yote nitakayosema hapa ni ya kuona na kusikia, maana Daktari alipanga chumba cha uani nyumbani kwa Bibi yangu, na mimi nalala chumba cha pili, na ukuta wetu ni wa udongo. Ukikohoa upande huu, upande wa pili wanakwambia pole.

Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa kupima maji ya delta. Mwanzoni akina mama walimletea watoto wenye homa. Alikuwa akiwafukuza mlangoni: "Mimi daktari wa maji! Huyu mtoto ni maji?" Wakianza kuondoka anawaita, anawapa dawa ya homa kutoka kwenye mkoba wake, huku anawatukana kwa kuchelewa kwenda zahanati. Ndivyo alivyokuwa. Tusi na dawa vilitoka mkono mmoja.

Alikuwa anaogopa kuku. Nyoka alimuua kwa kisigino cha buti, nimeona kwa macho yangu, akaendelea kunywa chai. Lakini kuku wa Bibi akiingia chumbani, Daktari anapanda kitandani na kupiga kelele mpaka majirani wanatoka. Na ukoko wa wali alikuwa anagombania na watoto. Sufuria ikiepuliwa, anakuja na kijiko chake, anakwangua, watoto wa jirani wanamvuta kanga, yeye anawapiga vidole. Bibi alimwambia siku moja, "Mwanangu, msomi mzima unapigania ukoko?" Akajibu huku anatafuna, "Bibi, chuoni tunapigania vidogo kuliko huu."

Swala hazikumpita. Akisali alikuwa mpole kabisa, uso umelegea kama wa mtu mwingine. Akimaliza, akikunja tu mswala, ule uso wa vita unarudi.

Kuhusu ukweli, hapo ndipo alipokuwa mkali wa kutisha. Alikuja mwaka mmoja na mwanafunzi wake wa chuo, kijana mtanashati, anapaka mafuta nywele. Kazi yake ilikuwa kupeleka kipimo majini, kusoma namba, kuandika. Siku ya mvua kubwa hakwenda. Alikaa nyumba ya wageni Ikwiriri, akaandika namba kutoka kichwani, zinazofanana na za juzi. Daktari alizisoma uani kwetu, mimi nikichambua mchele.

"Jana mvua ilinyesha?" akamuuliza.

"Ilinyesha kidogo, Daktari."

"Maji ya mvua yana chumvi?"

"Hapana."

"Sasa mto ulinyeshewa usiku kucha, na chumvi yake haikupungua hata chembe. Muujiza huu uliuona wewe peke yako?"

Kijana alitabasamu. Lile tabasamu ndilo lililomponza. Daktari alivua ndala akampiga nayo kichwani, mgongoni, mabegani, kijana anazunguka kisima, Daktari nyuma yake, ndala inalia pa! pa! na Bibi anasema, "Jamani mtoto wa watu!" Alipochoka alimtupia begi lake nje ya uzio. Damu ilikuwa inamtoka kijana sikioni. Sikumwona tena.

Usiku ule nilimsikia Daktari analia. Si sana. Kama mtu anayejizuia asisikike upande wa pili.

Alikuwa na msemo wake: "Namba haina mjomba." Maana yake, namba haikubebi kwa sababu ni ndugu yako. Ukimwambia, "Daktari, watu wanasema kaa wamepungua," anajibu, "Watu wanasema na majini wanaoana. Nipe chupa." Nilimpenda kwa hilo. Mimi ambaye siwezi kusema neno mbele ya watu watatu, nilimwona mtu anayeweza kumnyamazisha mtu yeyote kwa chupa ya maji.

Sasa nieleze kampuni.

Nyuma ya kitongoji chetu kunaingia mto mdogo wa maji ya chumvi, mikoko imeusimamia pande zote. Humo ndimo tunamokamata kaa. Bibi amewakamata tangu usichana wake, Mjomba wangu anawakamata, na mimi nasoma kwa kaa hao hao. Juu ya mto, kampuni ilifyeka, ikachimba mabwawa ya kufugia kamba, wale wanaosafirishwa nje wakiwa wamegandishwa. Kampuni kama hiyo inatakiwa na serikali ilete msomi wa kupima maji, aseme kama ni salama. Msomi analetwa na chuo, lakini anayelipia ni kampuni. Ndiye Daktari. Boti alilopanda lilikuwa lao, jeupe, ubavuni limechorwa kamba mwekundu. Mafuta yao, nahodha wao, chupa zao. Hata kofia aliyoivaa juani ilikuwa na yule kamba mwekundu mbele. Bibi alimuuliza kama haimwashi. Akasema, "Kofia haipimi maji, Bibi. Napima mimi."

Na kila mwaka alipima, na kila mwaka alisema salama. Na kila mwaka kaa walikuwa wanakufa.

Tuliwakuta wamelala migongo chini kwenye matope, miguu imekunjwa, povu mdomoni. Samaki wadogo wanaelea. Akina mama wanaosimama majini wakaanza kutoka vidonda miguuni, vinavyokula nyama pole pole. Bibi naye vikamtoka, kifundo cha kushoto, vinanuka. Mjomba alikwenda kuchungulia milango ya mabwawa ajue kinachotoka humo. Walinzi wa kampuni wakamkamata. Walimrudisha wenyewe, wakamtupa kwenye njia ya kwetu kama gunia. Jicho limefumba, meno ya mbele hayapo, na mgongo wote una mistari ya rungu, mingine imepasuka. Daktari alitoka na maji ya chumvi na pamba, akaanza kumsafisha. Mjomba alipoiona ile kofia kichwani kwake alimtemea damu usoni.

"Usiniguse, Bi Daktari. Mikono yako ni ya kwao."

Daktari hakumpiga. Ndiyo mara pekee niliyomwona akitukanwa bila kupiga. Alijifuta, akavua kofia, akaendelea kumsafisha mpaka mwisho. Mjomba alikuwa hana nguvu ya kukataa.

Nadhani ni siku ile alipoanza kujiuliza, maana kesho yake aligombana na nahodha. Jambo lenyewe ni hili, na kwa mtu wa hapa si geni. Mto wetu maji yakijaa unakuwa mpana, boti kubwa linapita. Maji yakipwa unabaki mfereji katikati ya tope, na boti linakwama. Kwa hiyo boti la kampuni liliingia maji yakijaa tu, likatoka kabla hayajapwa. Lakini mabwawa hayawezi kumwagwa maji yakijaa, kwa sababu bahari itarudi ndani. Mabwawa yanamwagwa maji yakipwa. Miaka yote ile Daktari alipima bahari iliyokuja kutembea. Uchafu ulipotoka, yeye alikuwa ameshafika bandarini anakunywa chai.

Hakudanganya. Alipima maji aliyopelekwa kuyapima.

Alimwambia nahodha, "Leo tunabaki humu mpaka yapwe."

"Hairuhusiwi, Daktari. Boti litakaa topeni."

"Likae."

"Nimeambiwa saa ya kutoka. Siyo mimi niliyepanga."

"Nani kapanga?"

Nahodha akawasha mashine. Daktari akarukia mashine kuizima. Watu waliokuwa wanakata kuni ng'ambo wanasimulia mpaka leo: alimpiga nahodha kwa ndoo ya chuma, nahodha akamkaba, Daktari akamng'ata mkono mpaka akalia kama mbuzi, halafu boti likayumba na Daktari akasukumwa kwenye tope la ukingoni, akazama hadi kifuani. Nahodha aliondoka, akamwacha na mamba na kila kitu. Aliyemtoa ni Bibi, na mtumbwi wake na upondo, ule mti mrefu wa kuusukumia.

Bibi alimfikia akamtazama. "Mwanangu, umekuja kupima au kupandwa kama mkoko?"

"Nipe upondo nishike, Bibi. Na usinirudishe nyumbani. Kaa hapa hapa tuyasubiri maji yapwe."

Wakasubiri. Chupa zilikuwa zimebaki kwenye boti, Bibi akampa chupa zake za mafuta ya taa zilizooshwa, Daktari akazikataa kwa matusi, halafu akatumia dumu la maji ya kunywa. Maji yalipopwa milango ya mabwawa ikafunguliwa. Bibi anasema harufu ilikuja kwanza, ya kuchoma pua. Halafu yakaja maji yenye rangi ya chai ya maziwa, na kaa wakatoka mashimoni wenyewe, wakapanda mizizi ya mikoko, wakaanza kuanguka mmoja mmoja kama maembe mabovu. Daktari alikaa kwenye mtumbwi anawatazama. Walipofika nyumbani ngozi ya mikono yake ilikuwa imebabuka.

Alirudi na mtumbwi wa Bibi mara nyingi baada ya hapo, akapima, akapeleka maabara, majibu yakaja. Ilikuwa ni dawa wanayosafishia mabwawa wakishavuna. Inaua kila kitu.

Hapo mimi nilidhani mambo yamekwisha. Ukweli umepatikana, si utasemwa? Nilikuwa sijui kwamba ukweli una mwenyewe. Daktari alipoanza kazi alitia sahihi kwamba matokeo hayatoki nje mpaka kampuni iyasome na kuridhia. Wakayasoma. Wakakaa nayo. Halafu akaja Afisa wa kampuni kwetu, shati limepigwa pasi, amebeba boksi la kamba waliogandishwa, zawadi ya Bibi. Daktari alimkuta boksi liko mkekani. Alilipiga teke, kamba wakatawanyika uani, kuku wakawavamia, Daktari mwenyewe akaruka juu ya kinu kwa kuogopa kuku. Ningecheka, lakini nilikuwa nimejibanza mlangoni.

"Daktari, hakuna anayekuzuia kusema," Afisa alisema. "Tunaomba tu tusome pamoja kwanza."

"Mmesoma."

"Tusome tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuelewane."

"Muelewane na nani? Huyu bibi mguu wake unaoza. Elewaneni na huo mguu!"

Afisa hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema, "Kuna vijana wangapi wanasoma shahada kwenye maabara yako kwa ufadhili wetu? Wewe unapenda vita, sawa. Wao umewauliza?"

Halafu akaondoka, kiatu chake kimekanyaga kamba.

Daktari akampigia mkubwa wake chuoni. Simu yake ilikuwa mbovu, ikisikika kwa sauti ya nje tu, kwa hiyo tulisikia wote. Mkubwa alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyeshiba. Akasema, "Uhuru wako wa kitaaluma uko pale pale, Daktari, hakuna aliyeugusa. Ila uhuru nao unahitaji umeme. Na umeme wa maabara wanalipa wao." Daktari aliirusha simu ukutani, ukuta ukatoboka, simu ikapasuka. Lile tundu lipo hadi leo, mimi naona chumba chake kupitia humo, kitupu.

Nafika sasa kwenye siku ninayoichukia kuiandika.

Kampuni ilitaka kuchimba mabwawa mengine kwenye mto wa pili. Ikaitishwa mikutano, na wa kwetu ukafanyika uwanja wa shule, mchana, watu wamejaa. Wanaume wengine walitoka mtoni moja kwa moja na pondo zao. Afisa alisimama na kipaza sauti. "Ndugu wananchi, mtafiti huru wa chuo kikuu amepima maji haya kila mwaka, na kila mwaka amethibitisha ni salama."

Daktari alikuwa amekaa nyuma, karibu na Bibi na mimi. Alisimama. Hakungoja kipaza sauti.

"Mtafiti huru ndiye mimi," akasema. "Na maji si salama. Wanafungua mabwawa yakipwa, dawa inatoka, inaua kaa, inababua watu. Nimeipima. Msikubali."

Nikasema kimoyomoyo, haya, imekwisha, amesema.

Mjomba akasimama mbele. Meno yake yale hayapo, kwa hiyo maneno yalikuwa yanatoka na upepo. "Bi Daktari. Mwaka jana ulisema salama, au hukusema?"

"Nilisema."

"Na mwaka juzi?"

"Nilisema."

"Kwa hiyo uliongopa."

Angesema ndiyo. Angesema nilikosea, nisameheni. Nimelifikiria hili mara nyingi sana. Lakini alikuwa yeye, na zile zilikuwa ripoti zake, amezitolea jasho, zimempa cheo. Akasema, "Sikuongopa. Ripoti zile ni sahihi. Ni sahihi kwa maji yaliyojaa."

Mtu akacheka. "Kwa maji yaliyojaa! Msikieni daktari wa maji yaliyojaa!"

"Kwa hiyo jana sahihi na leo sahihi?" Mjomba akauliza.

"Ni vipimo viwili tofauti. Vyote—"

"Nani anakulipa?"

"Kampuni."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Hakujipamba. Afisa wa kampuni aliinamisha kichwa, na mimi nilimwona anatabasamu.

Kilichokuja kwanza ni kiatu. Kilimpata shingoni. Halafu sauti ya mwanamke: "Mtoto wangu kafa tumboni kwa maji yako!" Halafu mawe, na mtu wa kwanza kumfikia alimvuta kwa mtandio mpaka akapiga magoti. "Kibaraka!" "Ulikula nao, leo wamekunyima ndiyo unatukumbuka!" Daktari alipigana. Alimpiga mmoja kiwiko puani, nikaona damu inaruka, akamshika mwingine ndevu akamvuta chini. Walikuwa wengi mno. Mateke yalikuwa yanasikika, sauti kama ya kupura mpunga. Mjomba akafika na upondo. Daktari aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa. Upondo ulishuka, na mfupa ukalia. Sikujua kwamba mfupa wa mtu unalia kwa sauti kubwa hivyo, kama mkoko mkavu. Akaupandisha tena akaushusha pale pale.

Walinzi wa kampuni walikuwa wamekaa juu ya gari lao, marungu mapajani. Hawakumgusa mtu. Walitazama kama watu wanaotazama mpira.

Bibi ndiye aliyemwokoa. Na mguu wake ule mbovu alipita katikati ya wanaume, akajilaza juu ya Daktari, kanga imemvuka, akawa anapiga kelele, "Nipigeni mimi kwanza! Mimi niliyemzaa huyu mwenye upondo! Nipigeni!" Mjomba ni mwanawe wa kwanza. Ule upondo ulibaki hewani, halafu akautupa. Watu walikimbilia bandarini wakachoma boti jeupe. Yule kamba mwekundu alikuwa anatoa malengelenge kwenye moto, watu wanashangilia.

Mjomba bado tunaishi naye. Mkono uliofanya vile ndio unaoniletea chakula, nami nakila. Upondo mwingine hakuchonga. Anatumia kasia.

Na mto wa pili ukachimbwa. Kibali kilitoka Dar, kwa ushahidi wa mtafiti huru: ripoti zake zote zile, zenye jina lake. Ile ya mwisho, ya maji yaliyopwa, haikuwa na sahihi ya kampuni, kwa hiyo hesabu yake ni kwamba haikuandikwa. Chuo kilimsimamisha kazi kwa kusema hadharani yasiyoruhusiwa.

Nilimwona tena mwaka huu. Nilikuwa Kibiti, nimempeleka Bibi hospitali kwa ajili ya mguu, wamesema labda wataukata. Nikatoka kumtafutia uji. Kwa mama lishe, karibu na stendi, ameketi Daktari na sahani ya wali. Alikuwa anakula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, ameinama sana kama mtu anayeona haya. Mkono wa kulia ulilala mapajani, vidole vimekunjika ndani.

"Shikamoo, Daktari."

Alinitazama. "Marahaba. Umerefuka. Bibi mzima?"

Nikamweleza mguu. Alifumba macho. Kisha mimi, sijui niliingiwa na nini, nilitaka kumpa kitu cha kumfurahisha, nikasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia miaka yote. "Watu wa kwetu sasa wanakuamini. Wote. Wanasema mtu hawezi kupigwa kiasi kile kwa ajili ya uongo. Hata Mjomba."

Aliipiga meza teke. Wali, maharage, bilauri, vyote vikaenda chini, na watu wakasimama.

"Kwa hiyo wangenivunja na wa pili, dawa ingeongezeka majini?" alinifokea, mate yananipata usoni. "Kuna aliyekwenda kupima baada yangu? Mmoja?"

"Hakuna."

"Basi hamniamini. Mnanihurumia. Jana mliniua kwa sababu ya kofia ya kampuni, leo mnaniamini kwa sababu ya mkono. Maji hayajaulizwa bado!"

Mama lishe alikuja na fagio analalamika. Daktari akamlipa, akaomba radhi, akaagiza wali mwingine. Tulikaa. Pumzi ilimrudia taratibu.

"Kesho chuo kinanisikiliza," akasema. "Na watu wa kampuni watakuwepo. Nikikiri kosa, narudishwa kazini. Wameshanipigia kunielekeza. Niseme nilikosea kupima yale maji yaliyopwa."

"Utasema?"

"Nitasema."

Nilishindwa hata kumtazama usoni. Niliutazama ule mkono, nikaukumbuka mguu wa Bibi.

"Nisikilize," akasema. "Nitasema nilikosea kila nilipopanda boti lao. Ripoti ya kwanza mpaka ya mwisho ya maji yaliyojaa, hazifai, zifutwe. Niliulizwa kama mto ni salama, nikajibu kuhusu bahari, nikaita jibu. Na ile iliyonipa cheo, ifutwe na cheo chenyewe."

"Lakini wewe si ulisema ni sahihi? Ulipigwa kwa kusema ni sahihi."

"Nilipigwa kwa kuipenda kazi yangu kuliko swali lenu." Alisema bila kupepesa. "Kibali cha mto wa pili kimesimama juu ya jina langu. Nikilivunja, kitasimama juu ya nini?"

"Na wewe utabaki nani?"

Basi la Dar lilipiga honi, kondakta akawa anaita. Daktari alisimama, akatundika mkoba bega la kushoto, akaniambia nimsalimie Bibi, akapanda.

Mama lishe alikuja kuchukua sahani, ya pili hii, haijaguswa. "Mama yako mkali," akasema. "Anakwenda wapi na hasira zote zile?"

"Si mama yangu. Ni mtafiti. Anakwenda kuliua jina lake."

"Limemkosea nini?"

Watu wa meza ya jirani walikuwa wananitazama. Nikasema kwa sauti, wote wakasikia:

"Lilikodishwa."